Mama Aliyeandikwa Bubu

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi. La, hapana, nimekosea. Kumi ndio mwaka aliofariki yule mfalme mnene wa Uingereza, Austin Talty akapewa kitambaa cheusi cha kufunga mkononi wakati wa kupeleka barua. Haya yalitokea mwaka uliofuata, wa kumi na moja, mwezi wa Aprili. Ndipo serikali ilipohesabu watu wa Ayalandi yote, nyumba kwa nyumba, na bila hesabu ile pengine Austin angezeeka akiwa mtu wa kawaida asiye na la kujutia.

Alikuwa mpeleka barua wa Cloonbeg, magharibi ya jimbo la Clare, mahali ambapo upepo haujui kuaga. Kila siku isipokuwa Jumapili alitembea maili kumi na sita na mfuko begani. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwembamba, mwenye haya, na koti lake la buluu lilikuwa na vifungo vya shaba alivyovisugua kila asubuhi kabla hata hajanywa chai. Watu walimwita Bwana Barua. Aliishi na mkewe Delia, binti wa mwenye duka wa mji wa Kilrush, na mama yake mzazi, Nábla.

Nábla hakujua Kiingereza. Alizaliwa kabla ya njaa ile kubwa, viazi vilipooza shambani, akawazika ndugu zake wanne, na maisha yake yote aliyaishi kwa Kiayalandi: kupika, kuomba, kugombana, kusimulia. Alikuwa na maneno mama yule! Akianza habari ya jogoo aliyepotea, mpaka jogoo apatikane mmeshasikia ukoo wa kila mwenye shamba njiani. Majirani walikuja na viti vyao.

Lakini Austin alisoma shule, na shule ya siku zile ilikuwa na kijiti. Mtoto alikivaa shingoni kwa uzi. Kila akitamka neno la Kiayalandi nyumbani, mzazi alikata alama kwenye kijiti, na asubuhi mwalimu alizihesabu alama na kumchapa mtoto kwa idadi hiyo. Waingereza hawakuja jikoni kukata alama zile. Baba yake Austin ndiye aliyezikata, akilia, kwa sababu alitaka mwanawe ajue Kiingereza, asije akafa njaa na lugha ya mashamba mdomoni. Nábla alikuwa akificha kisu. Mume wake akatumia meno.

Basi Austin akakua hivyo. Ndani ya nyumba alisema na mama yake Kiayalandi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekula kitu alichokatazwa. Akivuka kizingiti, Kiingereza.

Jumatatu ile ya Aprili askari Gilfoyle alikuja kukusanya karatasi za hesabu. Alikuwa mtu wa mbali, wa Leitrim, mnene na mpole, mwenye mafua yasiyokwisha.

"Mungu aibariki nyumba hii," alisema akiinama mlangoni. "Talty, nimetembea mpaka soli zinalia. Nipe hiyo karatasi yako nikapumzike."

Austin alikuwa ameijaza mwenyewe jana yake, kwa mwandiko wake mzuri. Gilfoyle akaisoma kwa kidole, akinywa chai aliyomiminiwa na Delia.

"Safi. Laiti wote wangeandika hivi. Ila hapa kwa mama yako, sehemu ya lugha, umeacha wazi."

"Nimeacha?"

"Umeacha. Kule kwa Murty Lillis nimeandika 'Kiayalandi tu' kwa shangazi yake. Nilimsemesha yule bibi akanikodolea macho kama mbuzi aliyeona treni!" Akacheka mpaka akakohoa. "Huko Dublin wakizisoma karatasi za mlima huu watadhani tunakaa mapangoni. Afadhali hapa kwako, mtu wa vifungo." Akamgeukia Nábla aliyekaa karibu na moto, akapaza sauti kwa Kiingereza: "Hujambo, mama? Baridi leo, eh?"

Nábla akatabasamu, akamtazama mwanawe. Ndivyo walivyozoea: mgeni akisema, Austin angemfasiria, naye angejibu kwa maneno kumi pale palipohitaji moja.

"Hasemi," Austin alisema.

"Hasemi Kiingereza?"

"Hasemi kabisa. Ni bubu."

Hakuwa amelipanga neno lile. Lilitoka tu, kama chafya. Gilfoyle akavua kofia haraka, uso umemwiva.

"Maskini! Nami napiga kelele hapa kama mnadi ng'ombe. Unisamehe, Talty." Akachovya kalamu, akaipeleka mwisho wa mstari, kwenye sehemu ya vipofu, viziwi, mabubu na wenye wazimu, akaandika. Mikono ya Delia ilikuwa imesimama ndani ya unga wa mkate.

Nábla akafungua kinywa kusema kitu. Austin akamtupia jicho, jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo mama yake tangu azaliwe. Nábla akakifunga kinywa.

Askari alipoondoka ndipo alipouliza, kwa Kiayalandi chake: "Mbona amenivulia kofia, Austin wangu? Mimi si maiti."

"Amekuheshimu, mama."

"Haya. Ana adabu, basi, kwa polisi."

Delia, aliyeanza kuokota maneno mawili matatu ya mama mkwe wake, alimwambia mumewe uani, kwa Kiingereza: "Ungeacha wazi tu, Austin. Nani angekufa?"

Austin alikwenda kusugua vifungo, na ilikuwa jioni.

Ingeishia hapo kama si Murty Lillis. Murty alikuwa jirani yao, mtu wa mzaha, ambaye angetania hata mazishini, na ukimkemea angekuambia marehemu ndiye aliyeanza. Siku ya tatu aliingia na kiko chake, akasema kwa Kiayalandi bila hata salamu:

"Mama Nábla, pole sana! Nimesikia serikali imekukata ulimi."

"Wewe serikali ikukate miguu, upunguze kuja kula mkate wangu. Ulimi gani?"

"Gilfoyle anamwambia kila mtu. Eti Talty ana mama bubu, maskini, na yeye anamlea vizuri mno. Nimecheka mpaka nimekaa chini barabarani!"

Nábla naye alicheka. Kisha akaona Murty amenyamaza ghafla, na akaona mwanawe anatazama sakafu.

"Ni kweli, Austin?"

"Lilikuwa neno la kupita tu, mama."

"Ni kweli?"

"Kweli."

Murty akajikwaa na udhuru, mara ndama, mara mvua, akatoka. Nábla aliendelea kufuma soksi. Jioni akamwuliza Austin anataka viazi vingapi, akasema usiku mwema, na asubuhi akazungumza habari za kuku. Lakini alizungumza kidogo. Austin aligundua kwamba anamhesabia mama yake maneno, naye akaona aibu kwa kuhesabu.

Mwezi wa Juni akaja mwalimu.

Siku zile kulikuwa na chama cha watu waliotaka Kiayalandi kirudi, na chama hicho kilituma walimu vijijini kwa baiskeli. Padri alitangaza baada ya Misa kwamba sasa ni heshima, na kwamba taifa lisilojijua haliwezi kudai kujitawala. Watu wakatazamana. Miaka thelathini waliambiwa wakifiche kama upele, leo ni heshima! Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana wa Dublin aliyejiita Fiachra, ingawa barua zake, kama Austin alivyojua vyema, zilikuja kwa jina la Frederick. Alivaa sketi fupi ya sufu yenye mikunjo, akasema ndilo vazi la wahenga wetu.

"Wahenga wetu wangevaa hivyo kwenye upepo huu," alisema Murty, "mimi na wewe tusingezaliwa."

Hata hivyo walikwenda darasani, kila Jumanne jioni, kwenye shule ileile. Austin alikaa benchi la nyuma. Wengine nao walikuwa na Kiayalandi tangu utotoni, na wote walijifanya hawana, maana nani awe wa kwanza kukiri? Basi wazee kwa vijana wakaimba pamoja: huu ni mlango, hili ni dirisha, yule ni paka. Fiachra alizunguka akiwarekebisha. Alipofika kwa Austin akatikisa kichwa kwa upole.

"Vizuri, Bwana Talty, lakini si hivyo. Sikiliza kinywa changu." Akalitamka neno, kwa ulimi wa mtu aliyejifunza kitabuni. "Sasa wewe."

Austin akalitamka vile vile vibaya, ili ampendeze.

Kijana yule hakuwa mpuuzi, tusimwonee. Jumanne ya tatu alisema jambo ambalo Austin hakulisahau. Alisema Waingereza wamekaa nasi miaka mia saba kwa upanga na kwa sheria, wakachukua mashamba, wakachukua makanisa, na hawakutumaliza. Walitumaliza siku tulipoanza kuwaonea haya mama zetu. Alisema hilo bila kumtazama mtu. Austin alihisi masikio yake yanawaka kama mkaa.

"Ninatafuta mzee," Fiachra aliendelea, "ambaye hajui Kiingereza hata neno. Nina daftari. Nataka kuandika hadithi zake kabla hazijazikwa naye. Ni nani hapa kwenu?"

Darasa zima likatazama viatu. Kila mmoja pale alikuwa amekalia kiti kwenye moto wa Nábla.

"Askari Gilfoyle alinitajia bibi mmoja nyumbani kwa Talty," alisema Fiachra, "lakini alisema ni bubu. Ni kweli, Bwana Talty?"

Austin angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Kweli, bwana," Murty alimjibia. "Bubu tangu Aprili."

Kicheko kilipasuka, kisha kikakatika. Fiachra hakuelewa. "Maskini! Maradhi?"

"Ya nyumba, bwana. Si ya mwili."

"Nitakuja kumsalimu hata hivyo," alisema kijana. "Bubu si kiziwi."

Alikuja kesho yake mchana, Austin akiwa ndiyo kwanza amerudi na mfuko. Akasimama katikati ya jiko na magoti yake wazi, akasema kwa Kiayalandi, polepole, akikwaruza kila neno: "Mungu na Maria wawe nawe, mama. Nimekuja kutoka mbali."

Austin alimwona mama yake akiinuka kidogo kitini. Hakuna mgeni aliyewahi kumsalimu hivyo kwa lugha yake, mgeni aliyevaa viatu vya mjini. Uso wake ulifunguka wote. Jibu la salamu ile alikuwa nalo, kila mtu analo, na Austin moyoni akaomba: sema, mama, sema, niumbuke yaishe.

Nábla akamtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda, akaona koti, akaona vifungo, akaona jasho. Kisha akainua vidole viwili, akavigusisha midomo yake, akatikisa kichwa.

"Ah," alisema Fiachra. "Basi, basi, mama." Akamshika mkono. Kwa Delia akasema kwa Kiingereza, "Macho yake yamejaa hadithi. Inauma kuona." Akatoka na baiskeli yake.

Delia alikimbilia uani na aproni usoni.

"Mama," Austin alisema, "mbona hukusema? Ungesema tu. Nisingekukataza."

Nábla alichukua koleo, akapanga motoni mabonge ya mboji kavu, ndiyo kuni za huko, akakaa. Hakumjibu. Hakumjibu jioni ile, wala kesho, wala juma lile. Alipika, akafuma, akamkandia Delia mgongo alipougua. Austin akimwuliza jambo alitikisa kichwa, ndiyo au hapana, kwa upole ule ule. Rozari ya jioni aliisali kwa midomo tu. Majirani walikuja na viti vyao, wakakaa, wakaondoka mapema. Baadaye hawakuja.

Mwezi wa Agosti Austin alikwenda kituo cha polisi.

"Nataka kubadilisha karatasi," alimwambia Gilfoyle. "Ya hesabu. Mama yangu si bubu."

Gilfoyle akapenga kamasi, akamtazama. "Kumetokea mwujiza, Talty? Nimwite Padri?"

"Nilidanganya."

"Ulidanganya kwamba mama yako ni bubu? Mtu hudanganya kuhusu umri. Hudanganya kuhusu ng'ombe. Kwa nini hilo?"

"Kwa sababu hajui Kiingereza."

Askari akasema, bila kucheka safari hii: "Bibi yangu mimi pia hakujua. Nilipojiunga na polisi niliandika kwamba amefariki. Aliishi miaka sita mingine." Akafunga kidau cha wino. "Karatasi ziko Dublin, bwana. Huko zimekaa. Nenda nyumbani."

Jumanne iliyofuata Austin alisimama darasani. Wenzake wanasema alishika benchi la mbele kama mtu aliye kwenye meli. Akasema, kwa Kiayalandi cha kwao, chote, bila kuchagua maneno, kwamba mama yake anasema kuliko mtu yeyote wa kando hii ya mlima, na kwamba yeye mwanawe ndiye aliyemfanya bubu mbele ya serikali, kwa haya, na sasa amekuwa bubu kweli. Fiachra alisikiliza mdomo wazi. Alikuwa akisikia kwa mara ya kwanza kile alichokuja kukifundisha. Murty, ambaye hakunyamaza hata siku ya harusi yake, akakitoa kiko mdomoni. Kisha bibi mmoja wa benchi la katikati akasema naye kwa Kiayalandi, "Kaa chini, mwanangu. Hata sisi." Wala hakuna aliyemrekebisha.

Fiachra alikuja na daftari mara nne. Mara zote Nábla alimkaribisha kwa mkono, akampa mkate wa magadi wenye siagi, akamwacha akae. Hakumwambia neno. Mwezi wa Oktoba chama kikamhamishia kijana upande mwingine, akaenda na daftari jeupe.

Ni Delia aliyegundua.

"Anasema," alimwambia mumewe asubuhi moja, akipumua kwa haraka. "Zizini. Anasema na ng'ombe. Nimesikia kila kitu, ila sielewi!"

Austin hakwenda kazini siku ile kwa wakati. Barua za Cloonbeg zilichelewa, na ndiyo mara pekee katika miaka yake yote. Alisimama nje ya ukuta wa zizi, kwenye tope, mvua ikimwingia shingoni. Ndani maziwa yalikuwa yakigonga ndoo, na juu yake sauti ya mama yake, ile ile, nene kidogo, ikimweleza ng'ombe habari ya jogoo aliyepotea. Ng'ombe aliambiwa ukoo wa kila mwenye shamba. Austin alisikia jina la baba yake likitajwa, akasikia mama yake akicheka peke yake. Akaziba mdomo kwa mkono. Alipohamisha mguu, tope likalia, na sauti ikakoma.

Alikwenda pale kila asubuhi. Alijifunza kusimama bila kuhama. Alikuwa mtu mzima, mwajiriwa, aliyemwibia mama yake maneno kupitia ufa wa ukuta, na hakuna aibu aliyoiona maishani iliyokaribia ile. Hata hivyo alikwenda.

Mwezi wa Februari Nábla aliugua na hakuinuka tena kitandani. Kifua. Padri alikuja, akamwungamisha kwa Kiayalandi, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Kwa Mungu, basi, Nábla alikubali kusema. Austin alikaa kando ya kitanda siku mbili. Mchana wa siku ya pili mwanga uliingia, Delia akaenda kuchota maji, wakabaki wawili. Akainama, akamwuliza alichotaka kumwuliza tangu Juni. Nábla alimtazama kwa ule upole. Aliushika mkono wake, akauweka juu ya shuka, akaushikilia hapo mpaka Delia aliporudi, na baadaye kidogo hakuwa akiushikilia tena.

Miaka ilipita. Vita vikaja, polisi wa mfalme wakaondoka, Ayalandi ikajitawala, au sehemu yake kubwa. Austin alipewa rangi ya kijani na brashi ili apake masanduku mekundu ya barua, akayapaka vizuri, bila kuacha mstari. Koti lake nalo likabadilika. Kiayalandi kikawa cha serikali, kikaandikwa juu ya milango, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaanza kuja Cloonbeg na madaftari kumtafuta mzee Talty, maana wazee wengine walikwisha kwenda. Walimwita hazina. Aliwapa alichokuwa nacho. Hakikuwa kingi: vipande alivyookota nyuma ya ukuta.

"Umevipata kwa nani, mzee?"

"Kwa mama yangu."

"Alikuwa msemaji?"

"Alikuwa bubu," alisema. "Tazameni kwenye karatasi. Imeandikwa."

Walidhani ni mzaha wa kienyeji, wakauandika pia. Lakini kabla hajawaruhusu waondoke aliwauliza wao, kama alivyomwuliza Padri, na Delia, na Murty alipokuwa hoi kitandani, swali lile lile alilomwinamia nalo mama yake mchana ule wa Februari: alinyamaza kwa kunikasirikia, au alinyamaza ili mimi nisiaibike?